Uzi maalumu wa The Raid 2: mnaosema ya kwanza ndiyo picha na ya pili ni porojo, karibuni tuongee

#1 – Mleta mada (Tandika, Dar)

Wakuu, habari za muda huu.

Jana kwenye ule uzi wa picha bora za ngumi nimeona The Raid 2 inapigwa mawe kila kona. Mmoja kasema ya kwanza ndiyo picha, ya pili ni watu wamevaa suti wanaongea. Mwingine kasema alisinzia. Nilianza kujibu kulekule, jibu likawa refu, nikaona bora nilifungulie uzi wake. Angalizo kwa ambaye hajaiona: humu nitataja nani anakufa na inaishaje.

Ya kwanza wote tunaipenda, sina ugomvi hapo. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2011, mwaka uliofuata ikasambaa duniani. Picha ya Indonesia, mwongozaji Gareth Evans, mtu wa Wales. Dakika 101. Askari wanaingia ghorofa moja Jakarta kumkamata bosi wa majambazi, wanafungiwa ndani, na kuanzia hapo ni kupanda ngazi huku kichapo kinatembea. Niliiona kibanda umiza huku Tandika na kaka yangu. Mabenchi yalijaa, watu wakakaa chini mpaka miguuni pa televisheni. Rama, yule askari stelingi, na ndugu yake Andi walipomvaa Mad Dog, mpiganaji wa yule bosi, wawili kwa mmoja, banda zima lilikuwa limesimama. Kaka yangu alinishika bega na hakuliachia mpaka Mad Dog alipolala.

Ya pili ikaja 2014. Dakika 150.

Sasa hapa ndipo naomba mnisikilize. Hii nayo niliiona kwanza kibandani, Jumamosi, kabla ya mechi ya saa kumi na moja jioni. Mwenye banda alikuwa na rimoti mkononi. Kila watu wakianza kuzungumza kwenye picha, anasogeza mbele. Sikumlaumu, mechi ndiyo iliyokuwa inamlipa, na nusu ya waliokuwemo ndani walikuwa wanamwambia "ruka, ruka hapo". Na kile kidogo kilichobaki kilikuwa kimetafsiriwa na mtu anayetia vichekesho vyake juu ya sauti za waigizaji. Nikatoka nikiwaambia watu yaleyale mnayosema ninyi leo: ngumi nzuri, stori hakuna.

Miaka kama mitatu baadaye nikaiangalia nyumbani usiku, sauti yao wenyewe ya Kiindonesia, maandishi chini, nzima bila kuruka. Ikawa kama sijawahi kuiona. Kuna mtu mzima kwenye ile picha ambaye kibandani hatukumwona kabisa. Anaitwa Prakoso.

Prakoso anaua watu kwa niaba ya mzee Bangun, bosi mkubwa wa mji. Nywele ndefu chafu, nguo utadhani kaokota. Kibandani tulimwona akikata watu na panga, tukashangilia. Kilichorukwa ni pale anapokaa mgahawani na mama wa mtoto wake. Mgahawa wa maana, watu wamevaa vizuri, yeye na zile nguo zake. Pesa zote anazopata kwa kuua zinakwenda kwa mtoto ambaye hamwoni. Anauliza habari zake, mama anamjibu kwa mkato, macho pembeni. Dakika chache tu, hakuna anayeinua mkono. Halafu Uco, mtoto wa bosi wake mwenyewe, anamuuza ili vita vianze na ile familia ya Kijapani ya Goto. Anaitwa kwenye klabu ya usiku, anawakuta wamejaa wanamsubiri. Ukiwa umeona mgahawa, ile klabu huwezi kuishangilia. Unataka apate mlango.

Hoja yangu ni hiyo tu wakuu. Ya kwanza tulishangilia mapigo. Ya pili imekaa chini ikatengeneza sababu ya kila pigo, na hizo sababu ndizo zinazokula zile dakika 49 za ziada. Ukiziruka unabaki na watu wanaopigana bila wewe kujua wanachogombea, halafu unailaumu picha.

Na wanaosema Evans alivimba kichwa baada ya kufanikiwa, akaivuta stori ya ghorofa mpaka ikawa ndefu, mmeiweka kinyume. Hii ya pili, kwao inaitwa Berandal, ndiyo aliyoanza kuiandika, baada ya picha yake Merantau ya 2009. Pesa ikakosekana. Ndipo akaandika picha ndogo ya jengo moja itakayotengenezeka kwa dola milioni moja na ushei, ndiyo hiyo iliyotusimamisha kwenye mabenchi. Ilipofaulu, akarudi kwenye ile aliyoitaka tangu mwanzo, safari hii akiwa na kama milioni 4.5.

Naomba kuwasilisha.

#2 – Mdau wa Mwanza

Mkuu umeandika vizuri ila hujanishawishi. Kwanza huyo Prakoso si ndiye Mad Dog? Mad Dog tulimwona anakufa, kachomwa shingoni na kipande cha taa ya tyubu. Ya pili anatokea mzima, kafuga nywele. Mimi hapo ndipo niliposema hawa jamaa wanatufanya watoto, nikazima.

#3 – Mleta mada

Kaka, ni mwigizaji mmoja, watu wawili tofauti. Anaitwa Yayan Ruhian. Mad Dog alikufa kwelikweli na hajarudi. Evans alimtaka Yayan tena, akamwandikia mtu mwingine. Na usisahau Yayan ndiye anayeyapanga hayo mapigano pamoja na Iko Uwais, yule anayeigiza Rama, kwa hiyo kumwacha nje kusingewezekana.

Nakubali ilichanganya wengi. Sisi tumezoea sura moja mtu mmoja, na kwenye picha ya mwendelezo ndiyo kabisa. Lakini waangalie wawili hawa wanavyosimama. Mad Dog anaifurahia kazi. Ana bunduki mkononi, anaiweka pembeni ili amuue Jaka, sajenti wa askari, kwa mikono. Prakoso anaua kama mtu anayebeba viroba bandarini, amalize, alipwe, aondoke. Mwili ni uleule, na bado huwezi kuwafananisha.

#4 – Mwalimu wa karate, Tanga

Salaam kwenu. Nafundisha karate miaka mingi, hivyo nitasema upande wangu.

Kwenye ya kwanza silat, yaani ngumi za jadi za Indonesia, ilitumika kutoka kwenye shida. Korido nyembamba, watu wengi, piga upite. Ndiyo maana viwiko na magoti ni vingi, nafasi ya kunyoosha teke hakuna. Ya pili imewapa uwanja, na uwanja unabadilisha mchezo. Tazameni ile vurugu ya uani gerezani, kwenye matope. Mguu ukizama huwezi kuzungusha kiuno, na pigo lisilo na kiuno halina nguvu. Wale jamaa wanapigana kama watu wanaojua hilo: wanashika nguo, wanakata mtama, wanamkandamiza mtu uso kwenye tope. Waigizaji wengine hapo wangerusha mateke ya hewani. Mimi nilifurahi kuona matope yameheshimiwa.

Lakini kilichonileta ni lile pambano la jikoni, karibu na mwisho. Watu hulitaja kwa sifa tu, hakuna anayesema lilivyopangwa. Yule muuaji anayepambana na Rama ni Cecep Arif Rahman, mwalimu wa silat kabisa. Wanaanza mikono mitupu, kwa adabu, karibu kama mazoezini. Kila mmoja anapima urefu wa mkono wa mwenzake. Jiko ni jeupe, safi, hakuna kitu sakafuni. Mapigo ya mwanzo mengi yanazuiwa, hakuna anayeumia sana, wanasomana. Halafu Rama anaanza kupata. Cecep anaona mikono yake haitatosha, na hapo ndipo anapotoa karambit, mbili.

Kwa asiyeijua, karambit ni kisu kifupi kilichopinda kama ukucha wa chui, mpini una tundu la kupitisha kidole ili kisikutoke mkononi. Asili yake inahusishwa na Waminangkabau wa Sumatra. Kisu hicho ukikichoma kama kisu cha kawaida umekosea. Kinakwaruza, kinavuta, kinakata unaporudisha mkono. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kuzuia pigo ukadhani limepita hapa inakuua, maana hatari iko kwenye kurudi. Mtazameni Rama anavyojifunza hilo kwa ngozi yake: anazuia, anakatwa, anazuia, anakatwa tena, mpaka anaacha kuzuia na kuanza kuushika mkono wenyewe. Anashinda siku anapoacha kupigana kwa mazoea, na kisu kimojawapo kinahamia kwake.

Mleta mada, hapo hakuna neno lililosemwa na bado ni hadithi nzima. Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba maneno ndiyo yanayoipa picha sababu.

#5 – Mdau wa Mombasa

Asalaam aleikum. Mwalimu, bandiko lako limenifunza kitu, shukran.

Mimi filamu hii naipenda lakini nina malalamiko mawili na sitayaficha. La kwanza, Prakoso afia kwenye kichochoro nje ya klabu na theluji yamwangukia. Theluji, Jakarta! Mji ule uko kusini kidogo tu ya ikweta, bahari iko hapo, joto lake kama letu huku. Nilikuwa nimeshashikwa na huzuni, ile theluji ikanitoa kabisa.

La pili, Andi. Filamu ya kwanza nzima yahusu ndugu wawili, mmoja polisi, mwengine jambazi, waishia kupigana bega kwa bega. Ya pili yaanza tu na Andi ashapelekwa shambani, kaburi lishachimbwa, auawa na Bejo, jambazi mwengine wa mji, kwisha. Sisi tuliompenda twaambulia dakika chache.

Na tusidanganyane kuhusu watazamaji kwa jumla. Kwenye sinema za Marekani, ya kwanza iliingiza kama dola milioni 4.1, ya pili kama 2.6. Sio kibanda chenu cha Tandika pekee kilichochoka.

#6 – Mleta mada

Mwalimu, nimesoma mara mbili na nimerudi kulitazama jiko tena kabla ya kujibu. Uko sahihi, na nafuta nilipoandika kana kwamba sababu zote ziko kwenye maneno. Naongeza moja tu: Rama anafika jikoni akiwa ameshachoka, katoka kupigana na wale wauaji wawili, wa nyundo na wa gongo, kwenye korido. Ule uchovu nao ni sehemu ya hadithi. Angeingia mzima, asingekatwa kiasi kile.

Mdau wa Mombasa, wa aleikum salaam. Theluji sina utetezi wa kijiografia, na sitautafuta. Nakwambia tu nilivyoipokea. Mtu ameuzwa na nyumba aliyoitumikia, anatoka kwenye klabu akiwa na majeraha, nje kumekuwa mahali pasipo pake. Mji wake wenyewe umemkana, mpaka hali ya hewa. Mimi iliniingia. Wewe ilikutoa. Sidhani mmoja wetu amekosea kuangalia.

Andi ni kitu kingine, hapo umegusa panapouma. Kaka yangu, yule aliyenishika bega, hajawahi kuimalizia picha hii kwa sababu ya shamba lile. Kamera imekaa mbali, shamba limetanda, shimo dogo, watu wadogo. Hakuna muziki wa kukuandaa. Kaka akasema, "Yule ndiye tuliyemtoa ghorofani kwa shida zote zile?" akatoka nje. Nilimkasirikia siku hiyo. Leo nadhani yeye ndiye aliyeipata picha haraka kuliko sisi sote. Bejo anamuua Andi kama mtu anayesaini karatasi, na Rama anakubali kujifanya mhalifu, anabadili jina anaitwa Yuda, anakaa gerezani miaka bila kumwona mtoto wake, yote kwa sababu ya shimo lile. Wangempa Andi nusu saa ya kupigana kishujaa, tungeridhika, na Rama asingekuwa na cha kumpeleka gerezani.

Kuhusu pesa, takwimu zako sizipingi. Malaysia ndiyo kabisa, waliipiga marufuku kwa ukali wa damu, na wale ni majirani wanaoijua silat kama sisi tunavyoijua ngoma ya mtaa wa pili.

#7 – Dada wa Dodoma

Habari zenu kaka zangu. Naona mnaongelea wanaume tu. Yule dada wa nyundo mbili je?

Anaitwa Hammer Girl, mwigizaji ni Julie Estelle. Hasikii. Anaingia kwenye behewa la treni, miwani myeusi, begi, hana haraka, na behewa zima linamalizika. Mwenzake wa gongo la besiboli anaua huku kalegea kama anacheza, yeye anaua kama fundi aliye kazini. Nilimwonyesha mdogo wangu wa kike, ana miaka 22, akasema hii ndiyo mara ya kwanza anaona mwanamke kwenye picha ya ngumi hapigani na mwanamke mwenzake pembeni wakati stelingi anapigana na adui wa kweli. Anapambana na stelingi mwenyewe, na hakuna anayempunguzia pigo.

Ninachokilalamikia ni kwamba tumepewa nyundo zake, hatukupewa yeye. Prakoso ana mgahawa. Huyu ana nini? Miwani inapotoka tunaona jicho moja limeharibika, inaishia hapo. Nani alimfanya hivyo? Nilikaa nikisubiri. Kama mleta mada anasema picha hii inatengeneza sababu ya kila pigo, hapa haikutengeneza.

Na kwa wazazi, tafadhali, hii si ya kuweka sebuleni watoto wakiwepo. Vibandani nimeona watoto wa darasa la tatu wanaangalia.

#8 – Mdau wa Unguja

Mimi ngumi sizijui sana, lakini lugha yao ndiyo iliyonishika. Jina la Kiindonesia la ile ya kwanza ni Serbuan Maut. Hiyo maut si mauti yetu? Nikaanza kuwasikiliza Waindonesia kwa makini. Dunia kwao ni dunia. Habari ni kabar, wakati ni waktu, subira ni sabar. Kiarabu kimepita kwetu na kwao, kila mmoja akakikata kwa kipimo chake. Ndiyo maana mkiweka ile sauti ya kutafsiriwa juu yake mimi naona mnapoteza. Hebu siku moja muiache wenyewe waseme.

Berandal, kwa wasiojua, ni jambazi, mhuni.

#9 – Mleta mada

Dada wa Dodoma, hapo sina jibu, na sitaki kulibuni. Nimekaa nikitafuta sababu ya yule dada nimeikosa. Kitu pekee ninachoweza kukuonyesha ni kwamba yeye na wa gongo wanatembea pamoja, wanaongea kwa ishara, na kila mmoja anauawa kwa silaha yake mwenyewe. Hilo limepangwa. Lakini mgahawa wake haupo, ni kweli. Na la watoto nakuunga mkono asilimia mia.

Mdau wa Unguja, umenifungulia kitu. Nimeirudia sini ya mgahawa nikisikiliza bila kusoma maandishi. Sauti ya Yayan pale iko chini sana, karibu hanyanyui kinywa.

Kabla sijasahau, hakuna aliyegusa magari. Ile kukimbizana barabarani, kuna mahali kamera inatoka gari moja kupitia dirishani, inaingia gari la pili, inapita ndani, inatokea upande mwingine. Hawakutumia kompyuta kuiunganisha. Mpiga picha mmoja alivalishwa afanane na kiti cha gari, akajikunja pale, wenzake wakampa kamera mkononi gari likiwa linatembea, naye akaipitisha. Kwa dola milioni 4.5! Huko Hollywood hiyo pesa inaishia kwenye chakula cha waigizaji.

#10 – Mdau wa Mwanza

Nimerudi. Swali kabla ya yote: ya tatu ipo au ndiyo basi? Maana ile mwisho Wajapani wanakuja, Rama kaloa damu, jamaa anamwambia kitu hatukisikii, anajibu kwamba yeye amemaliza, giza. Mtu anakulipisha dakika 150 halafu anakunyima maneno ya mwisho.

#11 – Mleta mada

Ya tatu ilifikiriwa na Evans aliielezea kidogo: ingeanza saa chache kabla ya mwisho wa hii ya pili na kuwafuata wale Wajapani. Baadaye akasema haioni ikitokea. Alienda zake kwenye Apostle 2018, Gangs of London 2020, juzi Havoc 2025. Iko, Yayan na Cecep wamepita mpaka Star Wars ya 2015, na Yayan na Cecep wamepigana na John Wick kwenye ile ya tatu, 2019. Mwaka huohuo pencak silat ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Iko alikuwa dereva wa lori la kampuni ya simu wakati Evans anamkuta akifanya mazoezi.

Mimi siitaki ya tatu. Rama kasema amemaliza, na nilimwamini. Ukimwangalia anavyosimama pale, huwezi kumwambia haya, twende tena.

Wewe nakuomba kitu kimoja tu, mkuu. Uliizima ulipomwona Yayan. Ianze pale ulipoizima.

#12 – Mwalimu wa karate, Tanga

Naunga mkono. Na ukifika jikoni zima sauti, angalia miguu tu. Jana nimewafanyisha hivyo wanafunzi wangu wakubwa, tukarudia mara nne. Mmoja ndiye aliyeona kwamba Rama anaanza kurudi nyuma mara tu karambit zinapotoka, hatua fupifupi, mpaka mgongo unagusa meza. Nafundisha kurudi nyuma kila siku na sikuwa nimeliona.

#13 – Mdau wa Mwanza

Wakuu, nimeimaliza sasa hivi, saa nane usiku. Sijaruka hata dakika moja.

Mgahawa nimeuona. Yule mama anavyoangalia pembeni. Nina binti anaishi kwa mama yake Shinyanga, natuma kila mwisho wa mwezi. Ilibidi nisimamishe picha nitoke nje kidogo.

Theluji bado siielewi. Mleta mada, hilo mimi na wa Mombasa tutakubishia mpaka kesho.